Modeli ya lugha inajikongoja? Anzia hapa kabla hujanunua GPU nyingine

Ukisema tu modeli yako inachelewa, kila mtu atakwambia tafuta kadi (GPU) kubwa zaidi. Mi nasema subiri kwanza, maana mara nyingi kadi uliyonayo haijazidiwa, imekaa inasubiri, na ukinunua nyingine utakuwa umenunua kifaa kingine cha kusubiri. Twende na mfano mmoja ili tusipotezane: una Llama 3.1 8B, modeli ya Meta yenye paramita bilioni 8 (paramita ni zile namba modeli ilizojifunza), unataka ijibu wateja kwa Kiswahili, na mashine uliyonayo ni T4, kadi ya Nvidia ya GB 16, ile ambayo watu wanaipata bure kule Google Colab, au laptopu ya kawaida yenye RAM ya GB 16. Modeli nyingine za transfoma, muundo ambao modeli nyingi za lugha zimejengwa nao, zina tabia ileile, zinatofautiana namba tu.

Anza kwa kupima, na upime vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni muda kuanzia umetuma swali mpaka tokeni ya kwanza itokee (tokeni ni neno au kipande cha neno). Cha pili ni tokeni ngapi kwa sekunde zinatoka baada ya hapo. Watu wanachanganya hivi viwili halafu wanashangaa mbona wamerekebisha na hakuna kilichobadilika. Kwenye kusoma prompti, yaani maandishi unayoipa, modeli inachukua tokeni zote kwa mpigo, kwa hiyo hapo kadi inapiga hesabu kwelikweli. Kwenye kutema jibu inatoa tokeni moja, inairudisha ndani, inatoa nyingine, na kwa kila tokeni moja lazima isome paramita zote za modeli kutoka kwenye memori. Zote, bilioni 8.

Hesabu yake iko hivi. Tokeni moja inahitaji kama operesheni mbili kwa kila paramita, yaani bilioni 16. T4 kwenye makaratasi inafikisha trilioni 65 kwa sekunde ukitumia biti 16, kwa hiyo hesabu yenyewe ni robo ya milisekunde. Sasa kusoma: hata ukiwa umeshaibana modeli mpaka kila paramita ishike kama biti 4 badala ya 16, faili ni kama GB 4.9, na memori ya T4 inasoma GB 320 kwa sekunde, hapo ni milisekunde 15. Ni kama mpishi mwenye mikono kumi ambaye kwa kila chapati moja lazima kijana aende stoo amletee gunia zima la unga. Ukiongeza mpishi wa pili haisaidii kitu, tatizo ni kijana wa stoo.

Kwa hiyo kuna fomula ya haraka ambayo inakusaidia kujua kama unaota: chukua kasi ya kusoma memori, gawanya kwa ukubwa wa modeli, unapata kikomo cha tokeni kwa sekunde kwa mtu mmoja. T4 na faili la GB 4.9 inakuja kama 65. Hutazifikia zote ila ukiona unapata 8 ujue kuna kitu hakiko sawa, labda nusu ya modeli imebaki kwenye RAM ya kawaida na we hujui. Kwenye laptopu yenye RAM ya aina ya DDR4 ya 3200 ukiwa na vijiti viwili vya RAM kasi ni GB 51.2 kwa sekunde, kikomo ni kama tokeni 10. Ukiwa na kijiti kimoja tu inashuka nusu, 25.6, na laptopu kibao zinauzwa zikiwa na kijiti kimoja, slot ya pili iko tupu. Kwa hiyo kama unaendesha modeli kwa CPU, kabla hujagusa setting yoyote fungua laptopu uangalie hiyo slot, kijiti cha pili ndo apgredi ya bei rahisi kuliko zote nilizowahi kuona kwenye hii kazi.

Sasa jambo ambalo sisi wa Kiswahili tunaumizwa nalo bila kujua: tokenaiza, ile sehemu inayokata maandishi kuwa tokeni. Tokenaiza nyingi zimefundishwa kwa data ambayo sehemu kubwa ni Kiingereza, na Kiswahili chetu tunabandika vitu vingi kwenye neno moja, hawajatulipa ni neno moja ila ndani kuna kukanusha, kuna wao, kuna wakati, kuna sisi, kuna kulipa. Tokenaiza isiyolijua neno inalikatakata vipande, na kila kipande ni tokeni, na kila tokeni ni safari nyingine ya kusoma modeli nzima. Chukua maandishi yako halisi, meseji za wateja wenyewe, sio habari za gazeti, pitisha kwenye tokenaiza za modeli mbili tatu unazozifikiria, gawanya idadi ya tokeni kwa idadi ya maneno. Kama modeli moja inakupa tokeni 3 kwa neno na nyingine 2, hiyo ya pili imekuokolea theluthi ya kazi kabla hujafanya chochote. Llama 2 ilikuwa na msamiati wa vipande 32,000 tu, Llama 3 ikaenda 128,256, Gemma za Google wao wako kwenye 256,000 na zaidi, na msamiati mkubwa mara nyingi unakata lugha kama zetu vizuri zaidi, ila usiamini maneno yangu, pima. Jacaranda Health wa Kenya walipotengeneza UlizaLlama juu ya Llama 2 mwaka 2023 waliongeza vipande vya Kiswahili kwenye tokenaiza, na hiyo sio urembo. Ila ukiongeza vipande lazima uifundishe modeli tena kwa data ya kutosha ili vizoeleke, ukiwa na data kidogo bora uchague tu modeli ambayo tayari inakata vizuri.

Swali linalofuata halipendwi. Je unahitaji hiyo 8B kweli? Nimeona watu wanatumia modeli ya mabilioni ya paramita kuamua tu kama meseji ni malalamiko au ni mtu anauliza bei. Hiyo ni kazi ya modeli ndogo inayosoma na kupanga makundi, haitemi maandishi, inasoma mara moja na kutoa jibu. AfriBERTa ya mwaka 2021 ilifundishwa kwa lugha 11 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa maandishi yasiyofika GB 1. AfroXLMR ipo pia, hiyo ni modeli ya lugha nyingi ya XLM-R iliyoongezewa mafunzo ya lugha za Afrika. Hizi zinaenda hata kwenye CPU na unaweza kuzifaintyuni, yaani kuzifundisha zaidi kwa kazi yako, kwa mifano michache uliyoipanga mwenyewe. Kwa hiyo pitisha meseji kwenye modeli ndogo kwanza, zile rahisi zipewe jibu lililoandaliwa, na zile ngumu tu ndo zipande kwa 8B. Hakuna ujanja wa GPU utakaoshinda kutoita modeli kubwa kabisa.

Na kwenye hizo modeli ndogo za lugha nyingi kuna mzigo unaweza kuutupa. XLM-R base ina paramita milioni 270 na ushei, lakini jedwali lake la msamiati lina vipande 250,000 mara vipimo 768, hiyo ni milioni 192 peke yake. Yaani sehemu kubwa ya modeli ni orodha ya vipande vya Kichina, Kikorea, Kirusi, ambavyo mteja wako wa Tabora hataviandika maishani. Walioitengeneza AfroXLMR mwaka 2022 walijaribu kuondoa vipande vya mifumo ya maandishi isiyotumika na lugha za Afrika, modeli ikapungua kama nusu. Unaweza kufanya vilevile: pitisha maandishi yako yote, orodhesha vipande vilivyotokea, baki navyo pamoja na alama zote za kawaida, kata safu zilizobaki, panga upya namba. Jua tu kwamba hapo umeokoa memori na ukubwa wa faili, kasi haibadiliki sana kwa sababu kuangalia jedwali ni kazi ndogo, mahesabu yako kwenye matabaka, zile hatua za ndani ya modeli ambazo kila tokeni inapita.

Haya, umeamua 8B lazima. Punguza biti. Kwa biti 16 modeli ni GB 16 na T4 haiwezi kuibeba, ukiweka biti 8 ni kama 8, biti 4 ni kama 5. Na kwa sababu tumeshaona shida ni kusoma memori, kupunguza biti kunakupa nafasi na kasi kwa pamoja. Kwa laptopu na kadi ndogo tumia llama.cpp, programu ya kuendesha modeli, hii aliianzisha Georgi Gerganov Machi 2023, mafaili yake ni ya GGUF, na chaguo la Q4_K_M, la biti 4, ndo wengi wanaanzia. Kwa seva yenye GPU angalia AWQ au GPTQ, njia nyingine za kubana. Ile bitsandbytes, maktaba ya kubana modeli, ni rahisi kuwasha na ni nzuri kwa kufaintyuni, ila kwa kuhudumia watu mara nyingi sio ya haraka zaidi, kwa hiyo usiiweke kwenye huduma kwa sababu tu ni mstari mmoja wa kuandika.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo watu wanapoharibu. Kila anayetoa modeli iliyobanwa anakuonyesha jedwali kwamba ubora umeshuka kiduchu, sawa, lakini jedwali hilo mara nyingi limepimwa kwa Kiingereza. Kiswahili kwenye modeli hizi ni sehemu ndogo ya data, kwa hiyo ndo kinachotangulia kuyumba, unaanza kuona ngeli zinapishana, kitabu changu inageuka kitabu yangu, au jibu linaanza Kiswahili linaishia Kiingereza katikati. Namba za jumla hazikuonyeshi hilo. Andaa maswali yako mia moja ya kweli, endesha kwa biti 16 au 8 kwenye mashine ya kukodi kwa saa moja, uhifadhi majibu, halafu linganisha na ya biti 4, usome kwa macho yako mwenyewe. Pia AWQ na GPTQ zinahitaji maandishi ya mfano wakati wa kubana ili zijue paramita zipi ni za muhimu, na wengi wanaweka maandishi ya Kiingereza kwa sababu ndo yaliyokuja na mafunzo. Weka ya Kiswahili, ya aina ileile utakayokutana nayo kazini. llama.cpp nayo ina llama-imatrix inayofanya kazi hiyo hiyo. Chini ya biti 4 mi sishauri kwa Kiswahili, ukibanwa hivyo bora modeli ndogo zaidi kwa biti nyingi kidogo, ijaribu uone.

Baada ya modeli kukaa kwenye kadi, kinachofuata kula memori ni kashe ya KV (key na value). Hii ni kumbukumbu ya tokeni zilizopita ili modeli isizihesabu upya kila inapotema moja, usiizime, ukiizima unarudi kwenye balaa. Ukubwa wake: mbili, mara matabaka, mara vichwa vya KV (sehemu za kila tabaka zinazotunza kumbukumbu hiyo), mara ukubwa wa kichwa, mara baiti za kila namba. Kwa Llama 3.1 8B ni 2 × 32 × 8 × 128 × 2, inakuja KB 128 kwa tokeni moja. Mazungumzo ya tokeni 8,192 ni GB 1. Watu kumi kwa pamoja ni GB 10, na hapo T4 yako imekwisha. Llama 2 7B ilikuwa mbaya zaidi, vichwa vya KV vilikuwa 32 badala ya 8, KB 512 kwa tokeni, ndo maana modeli za siku hizi vichwa vingi vya maswali vinashirikiana kichwa kimoja cha KV. Kwa hiyo ukichagua modeli fungua ile config yake uangalie idadi ya vichwa vya KV kabla ya kuangalia sifa zake. Halafu usiweke konteksti, yaani urefu wa mazungumzo kwa tokeni, ya 131,072 kwa sababu tu modeli inaruhusu, kama mazungumzo yako hayapiti 4,000 weka 4,096 basi. Na kashe yenyewe unaweza kuiweka kwa biti 8, inapungua nusu, kwa llama.cpp ni zile flagi za --cache-type-k na --cache-type-v, ile ya v inataka flash attention iwe imewashwa.

Nikitaja hiyo: FlashAttention, kazi ya Tri Dao na wenzake mwaka 2022, haibadilishi majibu, inapanga tu hesabu ili lile jedwali kubwa la kila tokeni na kila tokeni lisiandikwe kwenye memori ya nje ya chipu. Inasaidia zaidi prompti ndefu, maana atensheni, ile hatua ya kila tokeni kuangalia nyingine, inakua kwa mraba, ukiongeza urefu mara mbili kazi ya atensheni ni mara nne. Wenye T4 msihangaike kuinstoli FlashAttention 2, inataka kadi za kizazi cha Ampere cha Nvidia kwenda juu, tumieni tu ile atensheni iliyomo ndani ya PyTorch kuanzia toleo la 2.0, itachagua njia inayofaa kadi yako.

Kuhusu prompti, hili ni la bure kabisa na watu hawalifanyi. Seva nyingi zinaweza kuhifadhi kashe ya mwanzo wa prompti na kuitumia tena kama mwanzo ni uleule, tokeni kwa tokeni. Kwa hiyo maelekezo yako yote, sera ya duka, bei, mifano, viweke juu visibadilike, na vitu vinavyobadilika kama jina la mteja, tarehe na saa viweke chini mwisho. Ukianza prompti na leo ni tarehe fulani saa fulani dakika fulani, umeivunja kashe kwa kila ombi, modeli inasoma tokeni zako 2,000 upya kila mara. Hii ndo inatibu ile shida ya tokeni ya kwanza kuchelewa.

Ukiwa na watumiaji wengi mambo yanabadilika, na kwa uzuri. Gunia likishafika jikoni pika chapati za wote. Kusoma modeli mara moja kunaweza kuhudumia maombi 8 au 16 kwa pamoja karibu kwa muda uleule, kwa hiyo kuhudumia mmoja mmoja kwa foleni ni kutupa kadi. Tumia vLLM, programu ya seva iliyotoka UC Berkeley mwaka 2023. Inaingiza ombi jipya kwenye bechi, lile kundi la maombi yanayohudumiwa pamoja, muda huohuo jingine linapoisha, haisubiri bechi nzima imalize, na kashe ya KV inagawa kwa vipande vidogo badala ya kumtengea kila mtu nafasi ya urefu wa juu kabisa. Walioitengeneza walipima mifumo ya kabla yao wakakuta asilimia 60 hadi 80 ya memori ya kashe ilikuwa inapotea bure. Kwenye T4 kumbuka kuweka --dtype half, kadi hiyo haina bf16, aina ya namba za biti 16 ambayo modeli nyingi huja nayo. Ila kama mtumiaji ni we peke yako kwenye laptopu yako, vLLM haina maana kwako, baki llama.cpp.

Kuna ujanja wa kubahatisha: modeli ndogo inakisia tokeni kadhaa mbele, kubwa inazikagua zote kwa safari moja, zilizo sawa zinapita, ikikosea moja inaanzia hapo. Ukifanywa sawasawa majibu ni yaleyale ya modeli kubwa na kasi inaweza kupanda mara mbili hadi tatu. Kwa mfano Llama 3.2 1B inakisia, 8B inakagua, tokenaiza zao zinaendana. Tatizo letu ni kwamba ile 1B Kiswahili chake ni cha kuungaunga, ikikisia vibaya kila mara unalipa gharama ya zote mbili, kwa hiyo angalia asilimia ya makisio yanayokubaliwa, ikiwa ndogo zima. Kama kazi yako ni kufupisha au kujibu kutoka kwenye hati, kisia kwa kunakili vipande kutoka kwenye hati yenyewe, hapo huhitaji modeli ya pili na lugha haijalishi.

Modeli za wataalamu wengi, zile ambazo kila tokeni inapita kwa wataalamu wachache tu, ni nzuri kwa mwenye RAM nyingi na kadi hana. Mixtral 8x7B ina paramita bilioni 46.7 ila kila tokeni inagusa 12.9 tu. Qwen3-30B-A3B ina bilioni 30 inagusa 3 na kidogo, ukiibana biti 4 inakaa kwenye kompyuta ya RAM GB 32 na inatema haraka kuliko 8B ya kawaida kwenye mashine hiyohiyo. Memori lakini lazima uwe nayo ya modeli nzima, kwa hiyo T4 hapa haikusaidii.

Kama unafundisha, kwa ufupi. Kufundisha 8B nzima kwa Adam, njia ya kawaida ya kurekebisha paramita, kunataka kama baiti 16 kwa paramita, GB 128 hata hujaweka data, sahau. Tumia QLoRA, modeli imeganda kwa biti 4 na unafundisha vijitabaka vidogo pembeni, mwaka 2023 walionyesha hata 65B inaingia kwenye kadi moja ya GB 48. Panga mifano mifupi pamoja kwenye mstari mmoja badala ya kujaza nafasi tupu, meseji za wateja ni fupi na bila hivyo kadi inapiga hesabu za hewa. Gradient checkpointing, yaani kuhesabu upya baadhi ya matokeo badala ya kuyatunza, inaokoa memori lakini inaongeza muda, iwashe ukikosa nafasi tu.

Kupogoa paramita kwa kuziweka sifuri ovyo ovyo usijisumbue nako, kadi inazisoma sifuri kama kawaida, labda uwe na Ampere na zile sifuri zifuate mpangilio wa mbili katika kila nne.

La mwisho ni la wenye kadi mezani, sio ya kukodi. Punguza umeme. RTX 3090 kiwandani ni wati 350, ila wakati wa kutema tokeni inasubiri memori muda mwingi, kwa hiyo andika nvidia-smi -pl 250 upime tena, kasi ya kutema kwa kawaida inashuka kidogo tu na chumba kinapoa, na UPS yako inadumu. Baada ya kuwasha mashine upya inarudi 350, weka hiyo amri iwe inajiendesha yenyewe kila ikiwaka.